Chiriku Anasema Nini

4 Mei

Mwanangu,

Barua yako imefika jana. Niliisoma nimesimama mlangoni, kisha nikaingia ndani nikaisoma tena nimekaa, nikidhani labda nikikaa itasema jambo lingine. Haikusema. Kwa hiyo hamji. Hoteli yenu imefuta likizo za wafanyakazi wote kwa sababu ya hayo mashindano ya mpira ya dunia, nchi uliyopo ndiyo mwenyeji, wageni watamiminika, na mashuka yao lazima yafuliwe na kupigwa pasi. Nimeelewa. Sijapenda, lakini nimeelewa.

Chumba chenu nilishakitengeneza. Nilibadilisha godoro, nikashona pazia, nikamwambia kila mteja anayekuja kupimwa kwamba mjukuu wangu anakuja, mpaka wengine wakaanza kunikwepa. Fikiria mtoto ana miaka tisa na sijawahi kumshika hata mkono. Kazaliwa huko na anakulia huko. Kila Jumapili kwenye simu nasikia pumzi zake, halafu vineno viwili vitatu vya Kiingereza, halafu unaichukua simu wewe: "Mama, Chiriku anasema hivi." Wewe unamwita Chiriku kwa jinsi anavyopayuka nyumbani kutwa nzima, ila mimi huo upayukaji sijausikia.

Sisemi kwamba hutafsiri vizuri. Jumapili iliyopita uliponiambia anataka nimshonee gauni lenye mifuko miwili mikubwa ya kutia vitu vyake, nilikwenda kununua kitambaa siku ileile. Lakini nataka nimsikie mwenyewe. Nataka aniambie jambo na mimi nimjibu, bila mtu katikati.

Basi nimeamua. Kama mpira umeninyang'anya wageni wangu, na mimi lazima nitoke na kitu kwenye huo mpira. Umesema Chiriku ni kipa wa timu ya shule na hana habari na kingine chochote. Kinyozi wa mlango wa pili na chumba changu cha kushonea ana televisheni, na gazeti la Kiingereza halimpiti. Amekubali kunifundisha Kiingereza kwa habari za mashindano. Usinicheke. Ukicheka, cheka ukiwa mbali na mtoto.

Mama yako

* * *

20 Mei

Mama,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Hali ya hewa imeanza kuwa nzuri, na kazi ni nyingi kama nilivyokuambia. Wameleta mashine mpya ya kupiga pasi, ndefu kuliko kitanda. Watu wawili wanaingiza shuka upande huu, wawili wanalipokea upande ule likiwa limenyooka na linachoma vidole. Mimi niko upande wa kupokea.

Chiriku alilia sana nilipomwambia hatuji. Alisema alishapanga mlale kitanda kimoja, yeye upande wa ukutani ili asianguke, na kwamba asubuhi angeamka na kukuta mlio wa cherehani yako. Nilimbembeleza mpaka akalala.

Kuhusu Kiingereza, Mama, kwa kweli usijitese. Una kazi zako, una macho yako ya kutunza, na wateja hawatafurahi nguo zao zikichelewa. Mimi nipo. Miaka yote hii nimekutafsiria na hakuna kilichopotea njiani.

Kinyozi msalimie.

Mwanao

* * *

14 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Macho yangu ni mazima, na nguo hazijachelewa, ila moja imenitia matatani, nitakusimulia.

Mashindano yameanza na shule yetu imepamba moto. Kinyozi anasoma gazeti huku ananyoa. Akifika kwenye neno gumu anasimamisha wembe, ananieleza, na mteja anabaki na povu shavuni hawezi hata kulalamika. Nami sikubali kulipoteza neno. Anaponipa gazeti la jana, nalikata lile neno kwa mkasi wangu wa kitambaa, nalibandika kwa pini kwenye pazia la pembe ya kujaribia nguo. Pazia limejaa. "Squad", hicho ni kikosi. "Injured", huyo kaumia. "Host" ni mwenyeji, ndiyo ninyi. "Unbeaten" ni yule ambaye hajafungwa, na hilo nalipenda sana, nalisema hata nikiwa nachemsha chai.

Sasa sikiliza balaa. Mke wa fundi bomba alikuja kujaribu gauni lake la kikao cha ukoo wao, kule alikokuwa anakwenda kugombana na wifi zake kuhusu nyumba ya marehemu mkwewe. Alijitazama, akaridhika, akaondoka nalo mwilini. Kumbe pini moja imeng'ang'ania mgongoni. Akaingia kikaoni na neno "defeat" kubwa, la wino mweusi, kati ya mabega. Kushindwa, yaani. Mtoto wa wifi mmoja, wa sekondari, akalisoma kwa sauti. Alirudi kwangu kesho yake amefura, ananinyooshea tu kile kikaratasi. Nilimwambia ni fasheni. Kinyozi alicheka mpaka akamkwaruza mtu sikio.

Sitakudanganya, Kiingereza changu kina kasoro moja. Chote ni cha uwanjani. Naweza kukuambia beki wa kushoto ameumia goti na hatacheza mechi ijayo, lakini siwezi kumuuliza mtoto amekula nini. Nimemwambia kinyozi anifundishe kuuliza mtoto amekula nini. Akawaza, akaniambia kwenye gazeti haimo.

Si neno. Chiriku ni kipa, tutaanzia hapo hapo. Jumapili ukipiga simu, mpe simu kisha unyamaze. Usitafsiri. Acha tuhangaike wenyewe.

Gauni lake limekwisha. Mifuko ni miwili, mikubwa.

Mama yako

* * *

27 Juni

Mama,

Shikamoo. Habari ya mke wa fundi bomba niliisoma kazini wakati wa mapumziko. Nikaikumbuka tena nikiwa kwenye mashine, nikaanza kucheka peke yangu mpaka msimamizi akaja kuniuliza kama naumwa. Ni muda mrefu sijacheka hivyo mahali hapa.

Jumapili sikupiga, samahani. Hoteli imejaa mashabiki, wanamwaga vinywaji kwenye mashuka, tunafua mara mbili. Na Jumapili ijayo sijui kama itafaa, maana kuna mechi na Chiriku akiwa kwenye mechi hasikii la mtu.

Mama, nakuomba jambo moja bila kukuudhi. Hicho Kiingereza cha mpira si Kiingereza cha watu kuongea. Chiriku anaongea haraka, anameza nusu ya maneno, wakati mwingine hata mimi namwambia rudia. Utajaribu, hutamwelewa, naye atapata aibu, na nyote wawili mtaumia bure. Tuendelee kama tulivyozoea. Mimi nitakuambia kila anachosema. Sasa hivi yupo hapa karibu yangu, anasema anakupenda na anataka kujua kama lile gauni umelitia vifungo au zipu.

Mwanao

* * *

9 Julai

Mwanangu,

Vifungo.

Nimekujibu hilo kwanza ili lisilale. Sasa tuongee.

Jumapili ulipopiga, nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Kinyozi alizima redio yake kwa heshima. Ukasema, "Mama, huyu hapa," na kabla simu haijamfikia nikasikia sauti yake, kwa mbali kidogo, anakuambia wewe. Hakumeza nusu ya maneno. Aliongea wazi, ana sauti nzuri, nzito kidogo kama ya shangazi yako. Alisema, "I don't know her." Kisha akasema, "The match is starting."

Simjui. Mechi inaanza.

Haya ya pili nayasikia kila jioni kwa kinyozi. Yale ya kwanza nilifundishwa siku kocha alipoulizwa atampanga nani kesho, akajibu hajui. Niliyabandika yote kwenye pazia langu. Sikuhitaji hata kufikiri, yaliingia yenyewe.

Halafu ukaja wewe kwenye simu, sauti yako laini, ukasema: "Mama, Chiriku anasema anakumbuka ulivyokuwa unamfunika miguu alfajiri kukiwa na baridi."

Nikanyamaza. Ulidhani laini imekatika, ukaita, "Mama, Mama." Nikakuambia, mwambie nami namkumbuka.

Nilirudi kwenye cherehani nikashona mkono wa blauzi ya mtu kwenye tundu la shingo. Kinyozi akaja kuchungulia, akaona uso wangu, akarudi kwake. Nikakaa. Nikayapitia yote, moja moja, ya miaka yote.

Chiriku hajalala kwangu hata usiku mmoja. Miguu yake sijaifunika mimi. Miguu niliyokuwa nikiifunika alfajiri ilikuwa mirefu, inatoka nje ya shuka kila mara, na ilikuwa ya kwako. Aliyekuwa akilala upande wa ukutani ni wewe. Aliyetaka kila gauni liwe na mifuko miwili mikubwa ni wewe, na ulikuwa unarudi jioni umejaza humo vifungo vyangu ulivyoviokota chini ya meza, nakuuliza, unakataa, huku vinagongana. Nami nikakaa hapa nikashona gauni la mtoto wa miaka tisa nisijiulize hata mara moja kwa nini mtoto wa huko, mwenye begi la shule na kabati lake, anataka mifuko. Nilijua labda. Ila nilikuwa napenda kuamini, na mtu akipenda kuamini haulizi.

Nimelia, sitakuficha. Kwanza nilimlilia Chiriku aliyekuwa akinipenda kila Jumapili, maana huyo hayupo, hakuwahi kuwapo. Huyo niliyekuwa namwombea, niliyemnunulia godoro. Kisha nikakulilia wewe.

Maana wewe mwenyewe, ukiongea nami kwa nafsi yako, unaniambia hali ya hewa na mashine ya pasi. Tangu uondoke ndivyo ulivyo. Mimi nikajisemea, huyu moyo wake umekwisha kuzoea huko, ana shughuli zake, nisimsumbue na machozi ya kizee. Nikawa nashukuru kwamba angalau mjukuu ananikumbuka. Kumbe miaka yote hii aliyekuwa akinikumbuka alikuwa ndiye aliyeshika simu.

Mtoto sina kinyongo naye. Hanijui, na amesema kweli, na mechi ilikuwa inaanza kweli, nami nilikuwa naikimbilia. Na wewe pia sina kinyongo nawe. Ila sitaki tena kutafsiriwa hivyo. Asemalo Chiriku niletee kama lilivyo, hata likiwa chungu, nitameza. Na lile lililo lako usilipitishe kwa mtoto. Sitaki kulipokea kwa mkono wa mtu wakati mwenyewe yupo.

Mama yako

* * *

30 Julai

Mwanangu,

Jumapili zimepita na simu haijalia. Natumai ni mashuka. Kama ni barua yangu, basi isome tena taratibu, utaona sikugomba popote.

Mashindano yamekwisha na mtaa umepoa. Kinyozi ameishiwa habari, sasa gazeti analisoma kimoyomoyo. Mimi nimebaki na pazia langu la maneno na hakuna wa kumwambia kwamba fulani hajafungwa. Wateja wananisalimia kwa Kiingereza kwa kunitania. Namjibu mmoja mmoja kwamba ameumia na hatacheza mechi ijayo, naye anakwenda zake.

Nimeamua kumwandikia Chiriku mwenyewe. Karatasi nyingine iliyo ndani ya bahasha hii ni yake, imeandikwa Kiingereza, kwa mkono wangu. Kinyozi alitaka kunisaidia nikamkatalia, nikamruhusu kunikagulia nukta tu. Nimemweleza fainali nilivyoiona mimi. Nimemwambia yule kipa wa waliofungwa alisimama mbali na mlingoti ndiyo maana bao liliingia, na kwamba pamoja na hayo sikuona haki watu kumzomea, maana alikuwa ameokoa mengi kabla. Nilitafuta namna ya kumwambia nampenda. Kwenye pazia haikuwamo. Nikamwandikia kwamba mimi ni shabiki wake. Hilo lilikuwamo.

Mpe aisome. Usiisahihishe, wala usimweleze nilimaanisha nini. Kama hataki kujibu, asijibu.

Naogopa nimekuumiza. Ungekuwa karibu ningekuja kukaa tu pembeni yako bila kusema kitu, kama tulivyokuwa tukikaa wewe ukipindia, mimi nikishona. Kwa barua haiwezekani kukaa bila kusema kitu.

Mama yako

* * *

14 Agosti

Mama,

Shikamoo.

Sikupiga simu kwa sababu sikujua nitaanza na sauti ya nani. Nilikuwa nachukua simu, nakaa nayo, nairudisha. Chiriku aliniuliza kama tumegombana na Bibi. Nikamwambia hapana. Akasema, mbona basi tumepumzishwa Jumapili.

Barua yake nilimpa kama ulivyoagiza. Aliisoma mezani, chakula kikapoa. Akaisoma tena. Halafu akacheka, akaja jikoni kunisomea vipande, na akaongea mfululizo mpaka nikazima bomba nimsikilize. Nakuandikia alichosema, Mama, bila kutia chumvi hata punje.

Anasema Bibi anaandika kama mtangazaji wa redio. Anasema kuhusu kipa umekosea, hakusimama mbali na mlingoti, bali beki wake mwenyewe alimziba asione mpira, na mtu asiyewahi kukaa golini hawezi kujua jinsi inavyouma kuzibwa na mtu wako. Anasema hilo la kumzomea umesema vizuri. Anasema hakujui, na haelewi mtu asiyemjua anakuwaje shabiki wake, kwa hiyo ana maswali. Ameyaandika kwenye karatasi yake mwenyewe, itakuja na bahasha yake mwenyewe, kwa sababu amekataa nisiione. Amesema gauni hataki, yeye havai magauni. Nilitaka kulilainisha hilo nikaacha.

Ndicho Chiriku anachosema. Chote.

Kisha akaniuliza jambo. Alikuwa anafuta meza, hata hakunitazama. Akasema, "Na wewe huwa unamwambia nini Bibi?"

Nilitafuta, Mama. Nilipitia simu zote, barua zote, nione wapi mimi nilikuambia kitu. Nikakuta hali ya hewa. Akamaliza kufuta meza, akaenda zake kupiga mpira ukutani, nami nimebaki na swali lake mpaka leo.

Siku ile naondoka ulinishika uso kwa mikono miwili pale kwenye lango la abiria, na mimi nikaukaza uso wangu kama ubao. Uliona. Nilijua nikisema neno moja tu la kweli nitageuka, na tulikuwa tumeuza vitu vingi mno ili nisigeuke. Nikasema moyoni, nikifika nitamwambia. Nikafika, nikaogopa kwamba nikikuambia sitaweza kuamka kesho yake kwenda kwenye mashuka. Baadaye mtoto akazaliwa, baba yake akaondoka, mtoto akaanza kuongea, na Jumapili moja hakutaka kuja kwenye simu, nami nikaona aibu kwa ajili yako. Nikasema anakukumbuka. Ukafurahi sana. Na mimi, Mama, nilipumua, kana kwamba nimeweka chini kitu kizito. Kila Jumapili nikawa naisubiri nafuu ile. Mtoto hakuwa na habari.

Likizo yangu wamenirudishia, itakuwa Desemba. Sitakuahidi kwa ajili ya Chiriku. Atakuja, atakuona, atajipimia mwenyewe kama anakupenda. Huenda siku za kwanza akakaa tu akikutazama. Utavumilia.

Mimi sihitaji kupima. Nimekukumbuka, Mama. Naamka nimekukumbuka, nalala nimekukumbuka, kazini nalipokea shuka linatoka la moto na nakukumbuka wewe. Nataka kuja nyumbani. Ninayesema ni mimi.

Mwanao